ONJA KWANZA, KISHA USEME: MANENO JUU YA FROMAJI YA NORWEI



Katika numero hii sitaandika juu ya usafi wa dortwari wala juu ya wale wanaochelewa mstarini asubuhi. Mambo hayo mmeyasikia kwangu mara nyingi, na ninajua mmechoka. Leo nataka kuandika juu ya chakula. Na chakula chenyewe si bukari, si sombe, wala si samaki wa ziwa letu la Moero. Ni fromaji moja ya rangi ya kahawia, sawa na karameli, yenye kutoka inchi ya Norwei, mbali sana kaskazini ya Ulaya. Vitabu vya Tanzania vinaita fromaji kwa jina la jibini. Wenyewe Wanorwei wanaita hii yao brunost, maana yake ni fromaji ya kahawia tu.

Mtauliza: Kapita, sisi finalisti tunajitayarisha kwa Exetat, maharagi yanapunguka refektwari, na wewe unatuletea fromaji ya Wazungu? Ngojeni kidogo. Fromaji ile ilipofika hapa shuleni ilionyesha ugonjwa mmoja ulio ndani yetu, na ugonjwa huo unaumiza wenzetu kila siku mezani. Ndiyo sababu naandika.

Ilifika namna gani

Mwezi uliopita mgeni mmoja wa Norwei alipita hapa Kilwa, akalala siku mbili kwetu. Wakati wa kuaga alituachia zawadi: kipande cha fromaji cha nusu kilo, pembe nne, kimefungwa vizuri katika karatasi. Bwana Prefe akasema kigawanywe kwa wanafunzi wa interna, na mimi kama kapita nikapewa kisu.

Kabla sijakata hata kipande kimoja, watu walikuwa wamegawanyika vikundi viwili. Kikundi cha kwanza wakapiga kelele: “Ile ni sabuni! Weye, ile ni sabuni ya kufulia, miye siwezi kula kile kintu.” Kikundi cha pili nao wakasema: “Aa, iko muzuri sana! Bintu bya Bulaya hivi!” Na wakaanza kusukumana.

Sasa nawaomba muangalie jambo hili kwa akili. Wale wa kwanza hawakuonja. Wale wa pili nao hawakuonja. Wa kwanza walikataa sababu hawaijui, wa pili walisifu sababu inatoka Ulaya. Naona ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Mungu alimpa kila mtu ulimi wake, lakini watu zaidi ya makumi sita walikuwa wameisha kukata shauri, na hakuna ulimi hata mmoja uliokuwa umefanya kazi.

Kisha tukaonja. Nitasema ukweli wangu, na kila mtu aseme wake. Mara ya kwanza inakuja utamu, kama maziwa ya mkebe yaliyopikwa mpaka yakawa kahawia. Nyuma ya utamu unasikia munyu kidogo. Halafu, ukikaa kimya na kutafuna polepole, inakuja harufu ya mbuzi, si kali, lakini unajua mbuzi alipita pale. Inashika juu ya kinywa kama siagi ya karanga. Mimi kipande cha kwanza kilinishangaza tu. Cha pili nilikifurahia. Cha tatu, juu ya kiazi kitamu cha moto, kikaanza kulainika na kuyeyuka, pale nikajua kwa nini watu wa inchi nzima wanaipenda hivi. Mwenzangu mmoja finalisti alionja vizuri, akameza, akasema: “Hapana, haiko yangu.” Huyo nampa heshima. Alionja kwanza, kisha akasema.

Fromaji yenyewe ni nini

Wengi waliuliza kama wanaiweka rangi ao sukari ya duka. Hapana. Nilimuuliza mgeni wetu, na mwalimu wa kemia akatueleza zaidi.

Ukitaka kufanya fromaji ya kawaida, unachukua maziwa na kuyagandisha kwa dawa ya fromaji. Maziwa yanagawanyika: kuna sehemu nyeupe ngumu, na kuna maji ya rangi ya manjano-kijani yanayobaki. Ile sehemu ngumu ndiyo inakuwa fromaji. Maji yale, mahali pengi duniani, yanamwagwa ao yanapewa nguruwe. Lakini ndani ya maji yale mna sukari ya maziwa karibu yote, tena mna munyu na nguvu nyingine za chakula.

Wanorwei hawakuyamwaga. Waliyarudisha motoni katika chungu kikubwa, wakayachemsha saa nyingi na kukoroga. Maji yanapanda kama mvuke na kupotea, sukari ya maziwa inabaki na kuanza kuiva, rangi inageuka polepole: manjano, kisha karameli, kisha kahawia. Mwisho unapata uji mzito. Ukiacha kukoroga wakati unapoa, unakuwa na chembechembe kama mchanga. Ukikoroga vizuri, unakuwa laini. Kisha unauweka katika kiumbo cha mbao, unapoa, unakuwa kipande cha pembe nne kama tulivyoona. Kwa hiyo, kwa kusema kweli, hii si fromaji kama fromaji nyingine. Ni mabaki ya fromaji yaliyopikwa kwa uvumilivu.

Watu wa milima ya Norwei walikuwa wanafanya hivyo tangu zamani, sababu majira ya baridi kwao ni marefu na chakula kilikuwa haba. Fromaji ya zamani ile ilikuwa ya maji yale tu, bila mafuta mengi. Iliyoibadilisha ni akili ya msichana mmoja, na hapa nawaomba wadogo wangu, hasa mabinti, wasikilize vizuri.

Jina lake ni Anne Hov. Alizaliwa mwaka 1846. Katika mwaka 1863 alikuwa msichana wa kazi katika bonde la Gudbrandsdalen, kule juu mlimani ambako wanapeleka ngombe na mbuzi wakati wa joto. Kazi yake ilikuwa kukamua na kupika. Siku moja, wakati maji ya maziwa yanachemka chunguni, akamwaga ndani mafuta ya maziwa, ile krimu. Ilitoka fromaji yenye mafuta, laini, tamu zaidi kuliko ya zamani. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ni umri wa wengi wenu mnaosoma gazeti hili.

Baadaye, alipokuwa ameolewa, alianza kuifanya kwa wingi kwa kuuza, na mfanyabiashara mmoja akaipeleka katika mji mkuu. Ilipata bei nzuri. Katika miaka ya 1880 wakulima wa bonde lile walikuwa katika shida sababu bei ya nafaka ilianguka, na watu wanasema fromaji hii ndiyo iliyosaidia bonde kusimama. Katika mwaka 1933, Anne Hov akiwa na miaka 87, alipewa medali ya mfalme wa Norwei. Mnaona? Medali ya mfalme kwa msichana wa jikoni aliyeangalia vizuri chungu chake. Leo fromaji ile bado inaitwa kwa jina la bonde lake, Gudbrandsdalsost.

Watoto wa shule za kule, wengi wao, hawana refektwari ya chakula cha moto. Wanabeba mkate kutoka nyumbani, na juu ya mkate wanaweka vipande vyembamba vya fromaji hii. Vyembamba sana! Mgeni wetu alicheka alipoona nakata vipande kama matofali. Akatuonyesha chombo chao, bamba la chuma lenye mpasuo katikati na mkono wa mti. Kilitengenezwa na fundi seremala mmoja, Thor Bjørklund wa mji wa Lillehammer, katika mwaka 1925. Fundi huyo aliona kisu kinakata fromaji vibaya, akakumbuka randa yake ya kulainisha mbao, akafanya randa ndogo ya fromaji. Dunia nzima sasa inajua chombo kile. Ndugu zangu wa seksio ya ufundi, msidharau vyombo vyenu.

Na kama mtu anafikiri utamu ule ni mchezo, ajue kwamba mwezi wa kwanza mwaka 2013 lori moja lenye tani 27 za fromaji ya kahawia lilishika moto ndani ya njia ya chini ya mlima, kaskazini ya Norwei. Mafuta na sukari viliwaka siku nyingi mpaka njia ikafungwa. Dereva hakuumia. Mwalimu wa kemia alitumia habari ile kutufundisha kwamba chakula ni nguvu iliyofungwa, na siku ile hakuna aliyesinzia darasani.

Sura ya kwanza ya ugonjwa: kukataa bila kuonja

Sasa nirudi kwa jambo lililonichoma.

Hapa interna tuko watoto wa mahali pengi. Kuna wa hapa Kilwa na Pweto, wa Kasenga, wa Lubumbashi na Likasi, wa Kalemie, wa Kasai, na wawili wa upande wa Zambia ambao mama zao wako Nchelenge ngambo ya ziwa. Kila mmoja amekuja na kinywa cha mama yake.

Mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza, jina lake sitaandika, alitumiwa na mama yake mfuko mdogo wa kumbikumbi wakavu, waliokaangwa na munyu. Wenzake walipouona mfuko wakauita “duka la wadudu.” Wakamwimbia njiani. Tangu siku ile hakula tena mbele ya watu. Nilipokuwa nazunguka usiku nilimkuta nyuma ya dortwari, anakula katika giza, anaficha mkono. Nilimwuliza, “Mudogo, sababu gani unakula hapa?” Akasema, “Yaya, hapa hawacheke.”

Ndugu, jibu lile halijanitoka kichwani. Mtoto wa miaka kumi na mbili anakula zawadi ya mama yake kama mwizi.

Na waliomcheka ni nani? Wengi ni wale wanaokula finkubala kwao nyumbani, wanaofurahi mwezi wa kumi na mbili finkubala wakifika sokoni. Kama kumbikumbi ni mdudu, finkubala ni nini? Chisense iliyokaushwa juu ya mchanga wa ziwa letu, mgeni akiiona na macho yake yote, atasema nini? Kila chakula kina mtu wa kukicheka. Ndiyo maana kucheka chakula si akili kubwa, ni kazi rahisi kuliko zote.

Wengine watasema: Kapita, ni mchezo tu. Mimi nasema hapana. Neno juu ya chakula cha mtu haliishii katika sahani. Leo unamwita “mla-wadudu,” kesho unaita kabila lake hivyo, kesho kutwa humpi mahali pa kukaa. Wazazi wetu wa Katanga wanakumbuka miaka 1992 na 1993, namna watu wa Kasai walivyofukuzwa katika miji ambamo walizaliwa, wakalala ku gare na watoto wao wakingoja treni. Mambo makubwa kama yale yana sababu nyingi, na mimi si mwalimu wa historia. Lakini kila mzee niliyemwuliza aliniambia jambo moja: maneno ya kudharau yalitangulia. Sisi tunaolala chumba kimoja na kula meza moja tungepaswa kuwa wa kwanza kuyakataa.

Sura ya pili: kusifu bila kuonja

Sura ya pili inaonekana nzuri zaidi, lakini ni ileile. Ni wale waliosema “iko muzuri” kabla ya kula, sababu tu ilitoka Ulaya.

Kuna chakula chetu kinachofanana sana na fromaji ile. Nani hajui kikanda? Mama anakaa sokoni, mbele yake kuna mkate mmoja mzito wa kahawia, anaukata vipande na kisu, unanunua kwa feza kidogo. Rangi ni ya kahawia, kama brunost. Unakatwa vipande, kama brunost. Na kuufanya ni kazi ya uvumilivu vilevile: vilazi vidogo vya maua ya porini, yale maua ya jamii ya orkidi, vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na unga wa karanga, munyu, pilipili, na soda ao maji ya majivu, mpaka vinashikamana na kuwa kitu kimoja kinachokatika. Nani alifikiri mara ya kwanza kwamba kilazi kidogo kama kile, chini ya ua la majani, kinaweza kuwa nyama ya mtu asiye na nyama? Mama mmoja, ao mama wengi. Anne Hov wetu walikuwapo. Hawakupewa medali, na majina yao hatuyajui.

Lakini mwanafunzi wa kwetu akila kikanda anasema ni chakula cha maskini, na akionyeshwa fromaji ya Norwei anasema ni chakula cha watu wenye maendeleo. Kumbe ile fromaji nayo ilikuwa chakula cha maskini! Tofauti ni kwamba Wanorwei hawakuona haya. Waliweka chakula cha maskini wao juu ya meza ya kila mtu, na mgeni akija wanampa, na wakisafiri wanakibeba ndani ya valizi mpaka Kilwa.

Na tusiseme kwamba sisi Wakongomani hatujui fromaji. Katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, wanafanya fromaji nzuri ya maziwa ya ngombe, mikate ya mviringo inayouzwa Goma na kufika hata Kinshasa kwa ndege. Vita vimewasumbua sana wafugaji wa kule, lakini jina la fromaji yao bado linajulikana. Na Norwei yenyewe si inchi ngeni kwetu kabisa: tangu miaka ya 1920 wamisionari wake walifanya kazi Kaziba, Kivu ya Kusini, na katika mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipokelea Zawadi ya Nobeli ya Amani pale Oslo. Watu wanaonja mikate ya wenzao tangu zamani.

Majibu kwa wanaopinga

Nilionyesha mawazo haya kwa wenzangu kabla ya kuyaandika. Walinipa maneno matatu ya kupinga, nami nawajibu hapa.

La kwanza: “Si kila tumbo linaweza.” Ni kweli kabisa. Watu wengi wakubwa, hasa kwetu Afrika, tumbo lao halipatani na sukari ya maziwa, na fromaji hii imejaa sukari hiyo. Wanafunzi wawili walisikia tumbo kuunguruma usiku ule. Basi mtu kama huyo ale kipande kidogo sana ao aache, na asichekwe. Vilevile mwenye kuugua akila karanga asilazimishwe kikanda. Kukataa kwa sababu ya afya ni akili. Ninapinga kukataa kwa sababu ya kiburi.

La pili: “Basi na sisi tupike brunost hapa.” Mbuzi wako wengi Kilwa, wanatembea mpaka ndani ya soko, lakini sijaona mtu anayewakamua. Kujaribu maziwa ya mbuzi ni wazo zuri kwa mwalimu wa biolojia. Lakini kuchemsha maji saa nyingi namna ile kunakula kuni ao makala mengi, na sisi tunaona miti inavyokwisha kuzunguka mji na bei ya mfuko wa makala inavyopanda. Hata kikanda chetu kina shida yake: ukichimba kilazi, ua limekufa. Tanzania iliweka uwanda wa Kitulo kuwa mbuga ya taifa katika mwaka 2005, na sababu moja ilikuwa kulinda maua yale, sababu vilazi vilikuwa vinachimbwa kwa wingi na kupelekwa kuuzwa Zambia. Kwa hiyo sisemi tuige chungu cha Anne Hov. Tuige jicho lake. Aliangalia kitu ambacho wengine wanamwaga, akajiuliza kama kimekwisha kweli. Sisi hapa tunamwaga nini? Vichwa vya samaki. Chisense inayooza wakati wa mvua sababu jua halitoshi kuikausha. Maganda ya muhogo. Mwenye akili ya miaka kumi na saba aanze pale. Hata Yesu alipolisha watu wengi aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, na vilijaa vikapu.

La tatu, na ndilo lililo gumu: “Tumbo tupu halichagui. Ongeza maharagi kwanza, kisha utufundishe kuonja.” Ndugu aliyesema hivyo ana haki. Habari ya maharagi nimeipeleka kwa Bwana Prefe pamoja na wajumbe wa madarasa, na jibu litasomwa mstarini. Lakini nasema hivi: siku maharagi ni kidogo ndiyo siku maneno ya mezani yanauma zaidi. Mwenye njaa akichekwa anaumia mara mbili. Hatuwezi kungoja sahani zijae ndipo tuanze kuheshimiana.

Ninachoomba

Sipendi kuandika maneno bila kazi. Kwa hiyo naleta mpango mmoja, na mama mpishi pamoja na mwalimu wa zamu wamekwisha kuukubali.

Siku ya posho ya mwisho ya mwezi huu, kisha kazi za mikono, tutaweka meza moja ndefu refektwari. Kila mwanafunzi wa interna anayeweza alete chakula kimoja cha kwao, kidogo tu: kiganja cha kumbikumbi, finkubala, kikanda, chisense, munkoyo wa siku moja usiolevya, kitu chochote ambacho mama yake anapika vizuri. Asiye na kitu alete habari: aeleze namna kinavyopikwa kwao, hiyo nayo ni chakula. Walimu nao wanaalikwa, tena walete.

Sheria za meza ni nne tu:

1. Mikono inawe kwa sabuni. (Sabuni ya kweli, si fromaji.)

2. Hakuna mtu kusema neno juu ya chakula mpaka amekimeza.

3. Akiisha kumeza aseme ukweli, kwa adabu. “Si changu” ni jibu zuri. “Ni cha washenzi” si jibu, na atakayelisema ataosha sahani zote za siku ile, hata akiwa finalisti.

4. Mwenye chakula asione haya. Asimame nyuma ya sahani yake na kusema jina la chakula na jina la kijiji chake.

Wadogo wangu, wale mnaokula katika giza, mje na mifuko yenu mbele, kwenye mwanga. Mimi kapita nitakuwa wa kwanza kuweka mkono ndani ya kumbikumbi, na sitafumba macho. Na ninyi wakubwa wenzangu, finalisti, baada ya miezi michache tutaacha shule hii. Wengine wataenda Lubumbashi, wengine Zambia, wengine pengine mbali zaidi. Huko tutakuwa sisi wageni, na chakula chetu kitakuwa ndicho kitu kigeni mezani. Tutapenda watu wa huko watuangalie namna gani tukifungua kifurushi cha mama?

Ulimi wako ni shahidi. Usimruhusu shahidi mwingine aseme mahali pake. Onja kwanza, kisha useme.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa interna, finalisti